Khalid bin Barghash: Aliyelipata Kasri Akaikosa Nchi

Vita vya Unguja na Uingereza vya mwaka 1896 husimuliwa kwa saa mkononi. Huyu atakwambia dakika 38, yule 40, mwingine 45, kisha wote watacheka kwamba hivyo ndivyo vita vifupi kuliko vyote vilivyowahi kupiganwa duniani. Mgeni akisimuliwa hufurahi, huandika, huondoka. Hesabu yenyewe haina ubaya, ila huanzia mwisho wa hadithi. Mzinga wa kwanza ulipolia saa tatu na dakika mbili asubuhi, Alhamisi ya tarehe 27 Agosti, kile kilichokuwa kikigombewa kilikuwa kimeshachukuliwa zamani. Kilichukuliwa bila kelele: kwa kalamu, kwa mishahara ya askari, kwa waya uliolazwa chini ya bahari.

Ninachotaka kukitazama hapa ni kosa la mtu mmoja, Khalid bin Barghash, aliyeamini kwamba anayekalia kasri ndiye anayekalia nchi. Hakuwa mjinga. Aliyaamini waliyoyaamini wengi wa ukoo wake, na baba yake mwenyewe aliwahi kufanya kosa lilo hilo, akasamehewa, akafundishwa. Mtoto hakufundishwa.

Siku mbili na asubuhi moja

Jumanne tarehe 25 Agosti, kabla ya adhuhuri, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Mjini ikavuma kwamba amepewa sumu na kidole kikaelekezwa kwa Khalid, lakini hakuna aliyelithibitisha hilo hadi leo. Hamad alizikwa siku hiyo hiyo. Maiti haijapoa, Khalid alikuwa ameshaingia kasri na watu wake, na alasiri mizinga ya kasri ikapigwa kwa heshima ya Sultani mpya.

Kwa mila ya ukoo wa Busaidi hapakuwa na la ajabu. Wao hawakuwa na sheria ya kwamba mtoto wa kwanza ndiye mrithi. Wana na wajukuu wa Seyyid Said bin Sultan wote walikuwa na haki ya kudai, na iliyokuwa ikisemwa ni kwamba mrithi ni mwenye upanga mrefu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Khalid alikuwa mwana wa Barghash, Sultani aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, akaleta mjini maji safi ya mfereji. Kama ni nasaba, alikuwa nayo. Kama ni kasri, alikuwa ndani yake. Watu alikuwa nao pia: mpaka siku ya vita walikusanyika kama 2,800, walinzi wa kasri, watumishi, watumwa wa nyumba ya kifalme na watu wa mjini waliochukua silaha.

Upande wa pili alikuwepo konseli wa Uingereza, Basil Cave. Mkubwa wake, Arthur Hardinge, hakuwepo kisiwani. Cave alikuwa na karatasi iliyosema kwamba Sultani wa Zanzibar hakai kitini bila ridhaa ya Uingereza, na alikuwa na jina la mtu mwingine mfukoni: Hamoud bin Mohammed, mjukuu wa Seyyid Said kama Khalid mwenyewe. Akampelekea Khalid ujumbe atoke. Khalid hakutoka. Cave akawaomba makonseli wenzake wasimtambue, kisha akaandika simu (telegramu) kwenda London kuuliza kama anaruhusiwa, suluhu ikishindikana, kulipiga kasri kwa manowari. Jibu la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza, lilifika siku ya pili: fanya unaloona linafaa, lakini usianze jambo ambalo huna hakika ya kulimaliza.

Tutulie kidogo kwenye simu hiyo. Khalid alikuwa na kasri, mizinga na watu 2,800, na angeweza kutoa amri yoyote bila kumwuliza mtu. Cave hakuwa hata mkubwa wa ubalozi wake, na asingeweza kufyatua fataki bila ruhusa. Lakini maneno yake yalisafiri mpaka London na kurudi kabla ya saa 48 kupita. Waya huo ulifika Unguja mwaka 1879 ukitokea Aden, enzi ya baba yake Khalid. Kabla ya hapo konseli aliyetaka maelekezo alisubiri wiki kwa wiki za meli, na katika wiki hizo Sultani mjanja aliweza kuhonga, kubembeleza, kuoa, kupatana, mpaka barua ikirudi jambo limeshapoa. Wengi huzikumbuka manowari wakausahau waya. Mimi nauhesabu ni silaha kubwa kuliko mzinga wowote uliopigwa Alhamisi ile.

Manowari zenyewe zilikuwa zikiingia moja moja. Mbili, Philomel na Thrush, zilikuwa bandarini. Sparrow ikaja jioni ya Jumanne. Jumatano zikaja Racoon na St George, meli ya Admeri Harry Rawson. Wanawake na watoto wa Kizungu wakapandishwa melini. Khalid akaambiwa ateremshe bendera yake na atoke kabla ya saa tatu asubuhi ya Alhamisi.

Saa mbili na nusu akajibu kwamba hana nia ya kuteremsha bendera na haamini kama watampiga. Cave akajibu kwamba hawapendi kupiga, lakini asipofanya anavyoambiwa watapiga. Ni majibizano mafupi, na kila mmoja kwenye sentensi yake alisema kweli yake yote. Khalid kweli hakuamini.

Kwa nini hakuamini

Tuirudie miaka 37 nyuma. Seyyid Said alikufa baharini mwaka 1856, akaacha dola yenye miguu miwili: mmoja Oman, mmoja Unguja. Thuwaini akashika Muscat, Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash akaamua kumwondoa Majid. Alikuwa na masheikh, alikuwa na Waarabu wa koo kubwa, na ndani ya nyumba alikuwa na dada zake wawili, Khole na Salme. Salme alijua kuandika, jambo lililokuwa nadra kwa binti wa kasri wakati ule, kwa hiyo barua za njama zilitoka mkononi mwake naye angali msichana wa miaka kumi na tano hivi. (Ndiye huyo baadaye aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Kisa chake kinataka makala yake.)

Majid hakuweza kumshinda ndugu yake peke yake. Aliyemwokoa ni konseli wa Kiingereza, Christopher Rigby, na mabaharia wa Kiingereza waliokwenda na mizinga kwenye shamba la Marseilles, huko huko Unguja, ambako watu wa Barghash walijizatiti. Barghash akasalimu amri, akapelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Bombay aliiona dola ya Kiingereza ilivyo ikiwa nyumbani kwake, bandari zake na ofisi zake, akaelewa kwamba upanga mrefu Unguja haukuwa tena wa mtu wa ukoo wa Busaidi. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alikaa kitini bila vita, na konseli wa Uingereza hakupinga. Baba alijua kwanza anayeombwa ruhusa ni nani, ndipo akajua kutawala. Khalid alizaliwa baada ya somo hilo. Alimkuta baba yake ni Sultani mwenye fahari, mwenye meli, mwenye jumba la kwanza mjini kuwashwa taa za umeme. Alirithi matunda, mti hakuuona ulivyopandwa.

Kuna na jambo la karibu zaidi. Mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said, Khalid alifanya hivi hivi: akaingia kasri akajifungia. Waingereza wakamwambia toka, akatoka, Hamad akawekwa. Hapakupigwa risasi. Ukiwa kijana na umeshawahi kutishwa ukakimbia, kisha miaka mitatu ikapita ukijiuliza kama kweli wangepiga, huenda safari ya pili ukaamua kukaa ujue. Nakisia tu hapo, lakini kauli yake ya asubuhi ile inaelekea huko. Hakusema "tutawashinda". Alisema haamini kama watampiga.

Forodha

Sasa kuhusu uwanja wenyewe. Anayeujua Mji Mkongwe anaujua mstari ule wa baharini: Beit al-Ajaib katikati, jirani yake Beit al-Hukm, kisha Beit al-Sahel, majumba ya kifalme yaliyounganishwa kwa madaraja ya juu juu. Hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na forodha, na leo bustani ya mahali hapo bado inaitwa Forodhani. Watu huenda jioni kula urojo na pweza wa kuchoma, jina wakilitamka bila kulisikia.

Asubuhi ya vita, Waingereza waliteremsha wanamaji kama 150. Lakini jeshi lao kubwa la nchi kavu halikuwa la Waingereza. Lilikuwa askari 900 wa Zanzibar, chini ya Lloyd Mathews na ofisa aliyeitwa Arthur Raikes, na walijipanga upande wa forodha wakilitazama kasri. Nimejaribu mara nyingi kuiona picha hiyo. Ndani ya kasri watu wa Unguja, nje ya kasri watu wa Unguja, na wote kwa jina ni askari wa Sultani wa Zanzibar. Tofauti ni nani anawalipa, na anazitoa wapi fedha za kuwalipa.

Jeshi hilo aliliunda Barghash mwenyewe. Mwaka 1877 alimchukua Mathews, luteni wa manowari iliyokuwa ikizuia biashara ya watumwa, amfundishie askari kwa mtindo wa Kizungu. Lilikuwa wazo zuri. Barghash alitaka nguvu isiyotegemea koo za Waarabu zilizokuwa zikimpandisha na kumshusha mtu zitakavyo, na aliipata. Kikulacho ki nguoni mwako: Mathews alikuja kuwa Waziri wa Kwanza wa serikali mwaka 1891, na Sultani hakuweza kumwondoa bila Uingereza kukubali. Jeshi lililoundwa ili Sultani asitegemee wakubwa wa mjini likaishia kumtegemea mtu ambaye Sultani hamwezi.

Na fedha? Tangu enzi za Seyyid Said, forodha ilikuwa ikikodishwa. Mfanyabiashara wa Kihindi, kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji, alimlipa Sultani kiasi cha mwaka kilichokubaliwa, kisha ushuru wote akaukusanya yeye. Sultani alipungukiwa, akakopa kwa yule yule. Huo nao ulikuwa utumwa wa aina yake, lakini ulikuwa utumwa wa kujuana: Baniani alimhitaji Sultani, Sultani alimhitaji Baniani, na wote walikaa mji mmoja. Mwaka 1891 konseli mkuu Gerald Portal alilivunja jambo hilo kwa namna ambayo Sultani Ali pengine hakuielewa mpaka imekwisha. Mapato ya nchi yalihamia serikali iliyosimamiwa na maofisa wa Kiingereza, na Sultani akakatiwa posho yake ya mwaka. Mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa bandari huru.

Posho ndiyo naiona siku ya kweli ya kuanguka kwa Unguja. Hakuna mtu anayeikumbuka kwa sababu hapakuvunjika kioo. Mtu aliyekuwa akigawa akawa anagawiwa. Tangu siku ile Sultani aliyetaka bunduki mia za ziada ilimbidi azipunguze kwenye chakula cha nyumba yake, na Hamad alijaribu kweli: alijikusanyia walinzi wake mwenyewe mpaka wakagombana na askari wa Mathews mjini, akaambiwa awapunguze. Sehemu ya nguvu aliyoikuta Khalid kasri ni mabaki ya jaribio hilo la Hamad.

Karatasi

Mikataba ni mingi, na msomaji asiyeipenda aruke aya hii na inayofuata. Ila mmoja baada ya mwingine inaonyesha kitu. Mwaka 1861 Waingereza walitenganisha rasmi Unguja na Muscat, Unguja ikitakiwa kulipa riale 40,000 kila mwaka kumfidia Sultani wa huko. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la mjini, baada ya konseli John Kirk kumwambia kwamba asipotia saini kisiwa kitazingirwa. Mwaka mmoja kabla yake kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake. Marufuku ile ilikuwa ya haki, naisema bila kigugumizi. Lakini tusichanganye uzuri wa jambo na namna lilivyopatikana: kwa mlango wa haki hiyo konseli aliingia ndani ya dola na hakutoka tena.

Agosti 1885 zikaja manowari za Ujerumani zikaelekeza midomo ya mizinga kwenye Beit al-Ajaib. Mjerumani Carl Peters alikuwa ameshazunguka bara akikusanya alama za machifu kwenye makaratasi, na Barghash alikataa kuyatambua. Akamgeukia rafiki yake Kirk. Kirk alikuwa ameagizwa na London amshauri akubali. Akakubali. Tume iliyopima mipaka ya nchi yake ilikuwa na Mwingereza, Mfaransa na Mjerumani. Barghash hakupewa kiti. Mwaka 1886 akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zikaafikiana tena, Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Kiingereza, Ujerumani ikachukua pwani ya Tanganyika kwa kumlipa Sultani marki milioni 4, kama pauni 200,000. Na fedha hizo zikaenda wapi? Mwaka 1895 zilitumika kuilipa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodi pwani ya Kenya kutoka kwa Sultani huyo huyo, ili iondoke. Kisha serikali ya Kiingereza ikaikodi pwani ile ile. Mwenye nyumba alimlipa mpangaji ahame, ili ndugu yake mpangaji ahamie.

Kwa hiyo siku Khalid anaingia kasri, vitu vinne vilivyokuwa mkononi mwa babu yake vilikuwa mikononi mwa wengine: ushuru, askari, mipaka, na idhini ya nani arithi. Kasri lilibaki na mlango mzuri wa nakshi.

Mizinga ya zawadi

Khalid alijizatiti kwa alichokikuta. Alikuwa na bunduki za rasharasha chache, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili aliyoitoa Kaisari wa Ujerumani kama zawadi kwa Sultani. Baharini alikuwa na meli moja, Glasgow, iliyojengwa Uskoti kwa ajili ya baba yake baada ya kile kimbunga, na mizinga yake ilikuwa zawadi ya Malkia Victoria. Zawadi za wafalme haziangaliwi mdomo, lakini nani atakupa zawadi ya mzinga unaoweza kumwumiza?

Saa tatu ilipita, dakika mbili zikapita, Racoon, Thrush na Sparrow zikafyatua kwa pamoja. Kombora la mwanzo la Thrush liling'oa mmoja wa mizinga ya kasri. Majumba yale yalikuwa na mbao nyingi, yakashika moto. Glasgow iliifyatulia St George, manowari kubwa kuliko zote pale, ikajibiwa, ikazama. Mabaharia wake waliinua bendera ya Kiingereza kuomba kuokolewa, wakaokolewa. Kwa miaka mingi baadaye milingoti yake ilichomoza juu ya maji bandarini, mpaka mabaki yakaondolewa mwaka 1912. Bendera ya kasri ilipopigwa ikaanguka, mizinga ikanyamaza.

Watu kama 500 walikufa au kujeruhiwa upande wa Khalid, wengi kwa moto na kuta zilizowaangukia. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, akapona. Hapo ndipo kicheko cha dakika 38 hunikwama kooni. Katika hao 500 walikuwemo watumwa wa kasri, watu ambao hawakuulizwa wanamtaka nani, na majina yao hayakuandikwa popote. Beit al-Hukm haikufaa tena. Mjini maduka ya Wahindi yaliporwa, watu wakauawa, na Masingasinga 150 wakaletwa kutoka Mombasa kutuliza. Wafuasi wa Khalid walitozwa gharama ya makombora waliyopigwa nayo pamoja na hasara ya uporaji, jumla rupia 300,000. Nimeshakutana na madai mengi ya ajabu katika historia. La kumlipisha mtu bei ya kombora lililoiangusha nyumba yake bado sijapata la kulifananisha nalo.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, jirani tu. Hamoud alitangazwa Sultani alasiri ile ile.

Muhuri una kazi gani

Swali linalonishughulisha kuliko vita vyenyewe ni hili: kwa nini hawakuufuta usultani? Walikuwa na manowari tano, kasri linawaka, na anayelidai amekimbia. Wangeweza kuweka gavana jioni ile.

Jibu langu ni kwamba Sultani alikuwa rahisi kuliko gavana. Mikataba na mataifa mengine ilikuwa kwa jina lake. Makadhi walihukumu kwa jina lake. Watu wa pwani yote waliokuwa wakimwombea dua msikitini wasingemwombea Cave. Kumfuta kungewalazimu Waingereza kuvitafutia nguzo mpya vitu hivyo vyote, na nguzo ni gharama. Kumwacha kuliwagharimu posho. Basi wakampata mtu anayetia muhuri pale anapoonyeshwa.

Tarehe 6 Aprili 1897 Hamoud alitia muhuri amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa, na Malkia akamtuza nishani. Ukiisoma amri yenyewe utaona inavyotembea kwa tahadhari. Haikusema watumwa wote wako huru kuanzia leo. Ilisema mtumwa aende mahakamani akaombe, aonyeshe ana pa kuishi na njia ya kujilisha, na bwana wake alipwe fidia kutoka hazina. Masuria waliachwa nje, mpaka amri nyingine ya mwaka 1909. Karafuu za Unguja na Pemba zilihitaji mikono, na hazina ilihitaji karafuu. Utawala uliotumia dakika 38 kumtoa Sultani ulikuwa na subira ya miaka 12 kumfikia suria. Sioni ushahidi bora wa nguvu ilikuwa ikitumika kwa ajili ya nini.

Mtoto wa Hamoud, Ali, alisomeshwa Harrow, akarithi mwaka 1902, akajiuzulu mwaka 1911. Baadaye kidogo Unguja ikahamishiwa wizara ya makoloni, na akawekwa Resident, mwakilishi wa Uingereza, juu ya serikali. Hakuna Sultani mwingine aliyejifungia kasri.

Nitaongeza la pembeni. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru, waliopindua serikali ya Zanzibar hawakuanzia kasri. Walikwenda kwenye maghala ya silaha ya polisi, Ziwani na Mtoni, kisha redio. Sultani Jamshid aliondoka kwa meli yake na Uingereza haikumtumia manowari hata moja. Mtu anaweza kubishana na mapinduzi yale usiku kucha, na familia nyingi bado zinabishana, lakini waliopanga walijua funguo ziko wapi. Barghash mwaka 1859 na Khalid mwaka 1896 walizitafuta katika chumba zisimokuwamo.

Bendera

Wajerumani walikataa kumtoa Khalid. Tarehe 2 Oktoba 1896 maji yalipojaa, mashua ya manowari Seeadler ilikuja hadi bustani ya ubalozi, akapanda kutoka hapo hapo bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Aliishi huko miaka 20 kama mgeni wa serikali ya Kijerumani, akiba ya kisiasa ambayo wenyewe hawakuitumia. Vita Vikuu vilipofika Afrika Mashariki Waingereza walimkamata, mwaka 1916. Wakampeleka Saint Helena, kisiwa kile kile cha Napoleon, kisha Shelisheli. Mwishoni wakamruhusu kurudi pwani, akakaa Mombasa, na huko akafariki mwaka 1927.

Mombasa ilikuwa ndani ya ule ukanda wa maili 10 uliokodishwa. Gavana alikuwa Nairobi, ushuru wa bandari ulikwenda Nairobi, lakini kwa kuwa mkataba ulisema nchi ni ya Sultani, bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome (Fort Jesus). Ni bendera ile aliyokataa kuiteremsha. Alikuwa akiweza kuiona kila siku akipita, na chini yake, ndani ya kuta za Ngome, Waingereza walikuwa wameweka jela.